Sura ya Tatu: Mbuzi Wakirudi

Anayeishi Leparua hahitaji saa ya ukutani kujua kuwa kumekucha. Eneo hili la wafugaji katika kaunti ya Isiolo, linalopakana na hifadhi ya Lewa, halifiki digrii moja kaskazini mwa Ikweta. Mwaka mzima, kiangazi au masika, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo asubuhi, na jioni hutua karibu na nyakati hizohizo. Ndiyo maana Kiswahili huanza kuhesabu alfajiri: saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Shughuli za boma hufuata hesabu hiyo. Kukamua, kuwafungulia mbuzi, kwenda majini, kuwapokea mbuzi, kukamua tena, kulala.

Kisha anazaliwa mtu asiyeijua hesabu hiyo hata kidogo.

Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini huzilala vipande vipande, na vipande hivyo havijali kama nje kuna jua au nyota. Mzunguko mmoja wa usingizi wake huchukua chini ya saa moja, na karibu nusu ya usingizi huo ni mwepesi: macho yanachezacheza chini ya kope, midomo inatabasamu, mkono unashtuka, mlio mdogo unamtoka. Mama aliyejifungua kwa mara ya kwanza humnyanyua akidhani ameamka. Mara nyingi bado amelala, na akiachwa dakika mbili huzama tena. Melatonini, homoni inayomwambia mtu mzima kuwa usiku umeingia, mwili wake bado hauitoi kwa mpango. Hilo huja polepole, kati ya mwezi wa pili na wa tatu. Tumboni alikuwa akiiazima kwa mama yake, na sasa ataendelea kuiazima kwa njia nyingine, kwani maziwa ya mama ya usiku yana melatonini ambayo yale ya mchana karibu hayana.

Kwa hiyo nikisema ratiba katika sura hii, sina maana ya saa tatu anyonye na saa tano alale. Namaanisha mpangilio: jambo gani hufuata jambo gani, mwanga uko wapi, giza liko wapi, na mikono ya nani iko karibu. Hili la mikono nitalirudia, maana naamini ndilo linaloamua mengine yote. Mtoto wa wiki mbili hapangiki. Wanaoweza kujipanga ni watu wanaomzunguka.

Wazo la kumnyonyesha mtoto kwa saa lilitoka mbali na boma. Daktari Truby King wa New Zealand, aliyeanzisha mwaka 1907 chama kilichokuja kujulikana kama Plunket, aliwafundisha akina mama kunyonyesha kila baada ya saa nne kamili, na usiku wasinyonyeshe kabisa. Nia yake ilikuwa njema. Watoto wengi wa wakati huo walikufa kwa kuhara, naye aliamini nidhamu ingewaokoa. Mafundisho yake yalienea Uingereza na katika makoloni yake, na mabaki yake bado yanaingia kwenye simu za akina mama wa Nairobi na wa Isiolo mjini: mfunze mtoto kulala usiku kucha, na asipolala ujue umekosea mahali. Lakini maziwa ya mama husagika upesi. Shirika la Afya Duniani na wizara zetu za afya hushauri mtoto mchanga anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku, kila anapoonyesha kuwa anataka. Kila baada ya saa nne, hata usiku ukihesabiwa, ni mara sita tu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi kuhusu usingizi wa watoto umetoka hapahapa Kenya. Kati ya 1972 na 1975 watafiti wawili Wamarekani, Charles Super na mkewe Sara Harkness, waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi. Waliwafuatilia watoto wa kijiji hicho na kuwalinganisha na watoto wa Marekani. Kufikia miezi minne, mtoto wa Marekani alikuwa akilala karibu saa nane mfululizo. Wa Kokwet, katika umri uleule, kipande chake kirefu cha usingizi kilikuwa kama saa nne na nusu. Mzazi wa Marekani aliziona zile saa nane kuwa dalili kwamba mtoto anakua vizuri. Mama wa Kokwet hakuona tatizo la kutatua. Mtoto alilala ubavuni mwake, akaamka, akapata titi, na wote wawili wakaendelea kulala. Mchana mtoto alikuwa mgongoni mwa dada yake, akisinzia huku kazi zikiendelea.

Hadithi ya Kokwet husimuliwa sana na wanaotetea kulala na mtoto, nami nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ila wengi wao humruka yule dada. Mama wa Kokwet aliweza kuamka mara tatu usiku kwa sababu mchana kulikuwa na msichana wa miaka saba au minane aliyembeba mtoto kwa saa nyingi. Leo msichana wa umri huo, Kokwet au Leparua, anatakiwa awe darasani. Tangu Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, ndivyo serikali inavyotaka, na ndivyo inavyopasa. Hakuna mzazi mwenye busara atakayemtoa mtoto shuleni amrudishe kwenye mbeleko. Lakini mikono ile iliondoka bomani, na wengi wetu hatukukaa chini kuulizana ni mikono ya nani itashika nafasi yake. Mama alibaki na kazi ya watu wawili, kisha tukamletea ushauri wa ratiba.

Tuanze na kunyonya, kwa kuwa usingizi wa mtoto mchanga hufuata tumbo lake.

Saa ya kwanza baada ya kuzaliwa mtoto huwa macho, na akilazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, hulitafuta titi. Asipewe kitu kingine. Katika jamii kadhaa za wafugaji wa kaskazini bado kuna nyumba ambamo mtoto huonjeshwa samli, maji ya sukari au maziwa ya mbuzi kwanza, na maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo hukamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa ni machafu. Hapa mfugaji hahitaji mwalimu kutoka nje. Anajua kinachompata mwanambuzi aliyekosa dang'a ya mama yake: hunyong'onyea, huhara, na mara nyingi hafiki wiki. Humshika yeye mwenyewe na kumpeleka kwenye chuchu. Dang'a ya binadamu hufanya kazi ileile. Ni kidogo, vijiko vichache tu kwa siku ya kwanza, kwa sababu tumbo linaloipokea nalo ni dogo. Mama asidhani hana maziwa. Maziwa mengi huja siku ya tatu au ya nne, na yanayoyaita ni mtoto anayenyonya mara kwa mara.

Namna ya kujua anashiba haihitaji chombo. Siku ya kwanza atakojoa angalau mara moja, siku ya pili mara mbili, na kuanzia siku ya tano au ya sita nepi zitalowa mara sita au zaidi kwa siku. Uzito hupungua kidogo kwanza, hata kufikia sehemu moja ya kumi, na kufikia wiki ya pili unapaswa kuwa umerudi pale ulipoanzia. Zahanatini watampima na kuandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Mpaka uzito huo urudi, mtoto anayelala zaidi ya saa tatu au nne, mchana au usiku, aamshwe anyonye. Namsisitizia hili mama aliyejifungua mtoto mdogo, wa chini ya kilo mbili na nusu. Mtoto wa namna hiyo hulala sana kwa udhaifu, na watu humsifu kwa upole.

Dalili za njaa huanza mapema kuliko kilio. Mtoto hugeuza kichwa huku na huku, hufungua kinywa, hupeleka ngumi mdomoni, hunyonya hewa. Akifika kulia amechelewa kusikilizwa, na atakuwa na hasira ya kutoshika chuchu vizuri. Anyonye titi moja mpaka liwe laini, acheue, kisha apewe la pili akilitaka. Mengine utajifunza kwake.

Kuhusu mchana na usiku, nyumba ya kiasili ya mfugaji ina faida moja na hasara moja. Faida ni giza: usiku hakuna taa inayowaka mpaka saa sita, na giza ndilo mtoto analohitaji kulijua. Hasara ni kwamba mchana pia ndani kuna giza, na kuna moshi. Mtoto anayekaa humo kutwa hapati habari ya jua, na mapafu yake mapya yanavuta moshi wa kuni unaoongeza hatari ya nimonia. Kwa hiyo asubuhi, jua likiwa bado laini, mtoto atolewe nje, akae kivulini ambako mwanga unamfikia, anyonyeshwe hapo, aongeleshwe, asikie kelele za boma. Mchana alale kwenye mwanga na sauti za kawaida. Watu wasinyamaze kwa ajili yake. Usiku kinyume chake: maneno machache, tochi ielekezwe ukutani na si usoni mwake, nepi ibadilishwe ikibidi tu, titi, kulala. Fanya hivyo kila siku na mwili wake utaanza kushika tofauti hiyo kuanzia wiki ya sita au ya nane. Huwezi kuharakisha zaidi ya hapo, na ukiambiwa kuwa mtoto wa jirani alilala usiku kucha akiwa na wiki tatu, usimlinganishe wako naye.

Sasa jioni.

Saa kumi na moja mbuzi wanaanza kuonekana kwa mbali. Kabla hawajafika zizini wanambuzi wamekwisha sikia na wanalia. Kila mbuzi amtambue mwanawe, kila mwana anyonye kiasi, akamuliwe mwenye maziwa, ahesabiwe asiyeonekana, lango la miiba lifungwe kabla fisi hawajaanza kuzunguka. Moto uwashwe. Wanafunzi wamerudi na njaa. Katika siku nzima ya boma hakuna saa yenye kazi nyingi kama hii, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, tangu kukamua hadi kupika, iko mikononi mwa mwanamke.

Saa hiyohiyo mtoto mchanga huanza kudai. Ananyonya, anaachia, analia, anataka tena baada ya nusu saa, anaachia tena. Huu ni mwenendo wa kawaida wa watoto wachanga popote duniani. Jioni hunyonya kwa mfululizo, na vilio vya jioni huongezeka hadi kilele chake karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Maziwa ya jioni hutoka taratibu zaidi kuliko ya asubuhi, na kule kunyonya mara nyingi humtayarishia mtoto kipande kirefu cha usingizi cha mwanzo wa usiku. Mama akikaa naye na kumwachia titi kwa saa mbili, mara nyingi mtoto atalala vizuri baadaye, naye mama atapata saa zake tatu za kwanza.

Lakini hawezi kukaa, mbuzi wamerudi.

Naamini akina mama wengi wanaosema maziwa yao hayatoshi hupotezea unyonyeshaji wao hapa, katika saa hizi mbili. Mtoto analia, kazi inaita, mtu mwenye huruma anasema ana njaa huyu, mpe maziwa ya mbuzi kidogo, au kuna chupa ya dawa ya tumbo iliyonunuliwa mjini. Mtoto anapewa, ananyamaza, anaruka kunyonya mara mbili. Titi lisiponyonywa halitengenezi. Kesho yake maziwa yamepungua kweli. Kenya ilipiga hatua kubwa katika jambo hili: watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa kitaifa wa 2008 na 2009, wakafika 61 mwaka 2014. Mwaka 2022 walikuwa 60. Kwa miaka minane hatukusogea. Sidhani tulikosa mabango au semina. Mama anajua. Kinachomshinda ni saa kumi na moja jioni.

Usiku una hesabu yake nyingine, ambayo bibi zetu waliijua bila kuiandika. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Mtoto anayenyonya usiku anaagiza maziwa ya kesho. Anafanya jambo jingine pia: anachelewesha hedhi ya mama. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba mama anayemnyonyesha mtoto kikamilifu, ambaye mtoto wake hajafika miezi sita na ambaye hedhi haijarudi, ana kinga ya zaidi ya asilimia 98 dhidi ya mimba. Wahudumu huongeza sharti kwamba kati ya kunyonya kumoja na kwingine zisipite saa nne mchana wala saa sita usiku. Ukimfunza mtoto wa miezi miwili kulala saa nane bila titi, umeligusa na hilo. Mama ana haki ya kuambiwa kabla ya kushauriwa.

Mtoto alazwe chali, usiku na mchana. Kampeni ya kulaza watoto chali ilipoanza Uingereza mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Kitanda cha fito kilichotandikwa ngozi ni kigumu na hakina shimo, nacho kinafaa kuliko godoro laini la sponji. Akilala na mama, asilale katikati ya watu wawili, shuka isimfike usoni, asilalie mto, na aliyekunywa pombe au anayevuta sigara asilale kitanda kimoja naye. Chandarua kifungwe. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati alale kwenye tandiko lake mwenyewe la ngozi karibu na mama, ila kifuani kwa mama aliye macho ndipo mahali pake pazuri kuliko pote. Njia hiyo ya kumfunga mtoto kifuani ilianzishwa hospitalini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, ambako mashine za joto hazikutosha, na leo inatumika duniani kote.

Kuna mambo ambayo ratiba yoyote inasimama kuyapisha. Mtoto aliyekataa kunyonya kabisa, mwenye joto la 37.5 au zaidi, au aliyepoa na hapati joto hata akifunikwa, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, aliyepata degedege, au mwenye manjano hadi kwenye viganja na nyayo, apelekwe kituo cha afya usiku huohuo. Asingojewe kuche. Namba ya mhamasishaji wa afya ya jamii na ya mwenye bodaboda ziwe kwenye simu kabla ya kujifungua.

Na maji. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20 na zaidi. Mwanamke wa wiki mbili baada ya kujifungua akiubeba mgongoni anaziumiza nyonga ambazo bado zimelegea, na safari yenyewe inamweka mbali na mtoto kwa saa nyingi. Misimu mitano ya mvua iliposhindwa mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, safari hizo zilirefuka kaskazini yote, ng'ombe wakahamishwa mbali, na maziwa ya kumrudishia mama nguvu yakaenda nao. Mwili wa mama hujitahidi sana kumlinda mtoto. Hata akiwa amekonda kiasi, maziwa yake hubaki mazuri. Anayelipa ni yeye, kwa nyama yake. Anahitaji kula zaidi kila siku kuliko alivyokula kabla ya mimba, na kikombe cha maji, uji au supu kila anapoketi kunyonyesha.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu ya mapumziko yenye malipo. Anayechunga mbuzi hakuandikiwa kitu. Waswahili wa pwani na Wasomali wana arobaini, siku 40 ambazo mzazi hatakiwi kufanya kazi nzito, na ningependa kila boma la Leparua, la Mmasai, Mturkana, Msamburu au Mborana, lijitungie arobaini yake kwa mujibu wa kazi zake. Mimba ikiwa ya miezi minane, watu waketi. Watajane kwa majina: nani ataleta maji na kwa punda wa nani, nani atapika jioni, nani atahesabu mbuzi, kwa siku ngapi. Mume akiwa mbali na ng'ombe apigiwe simu naye aseme lake. Na ikiwa siku imefika ambapo lazima mama aende mwenyewe, akamue maziwa kwa mkono kwenye kikombe kilichochemshwa, kifunikwe, kiwekwe penye ubaridi. Kwenye joto la Isiolo yatumike ndani ya saa nne, na mtoto anyweshwe kwa kikombe hichohicho, bila chupa.

Mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa mafupi. Mkaza mwana huona haya kuanza mbele ya mama mkwe, lakini ajikaze.

"Mama, nina jambo, lakini naona ni kama nakutwisha mzigo."

"Sema, binti yangu."

"Ni jioni. Mbuzi wakirudi na mtoto akitaka kunyonya."

"Hao niachie mimi mpaka mwezi huu na ujao uishe. Asubuhi utakamua wewe, kama umelala."